Mwana wa Kadhi na elimu ya kulinganisha dola

Mtaa wa Kibokoni, ulioko katika Mji wa Kale wa Mombasa, si mkubwa. Mwendo wa robo saa humtosha mtu kuupita kwa miguu, hata akisimama hapa na pale kuamkiana na wazee walioketi vibarazani. Lakini ni mitaa michache katika Afrika ya Mashariki iliyokaa karibu na mabaki ya tawala nyingi namna ile. Upande mmoja imesimama Ngome, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikaja ikawa makao ya maliwali wa Kimazrui, kisha ya askari wa Sayyid Said, na hatimaye Waingereza wakaigeuza jela hadi mwaka 1958. Karibu nayo ipo Mahakama ya Zamani, iliyojengwa mwaka 1902 ili hukumu za Kiingereza zipate pa kutolewa. Njia mojawapo ya mji huo inaitwa kwa jina la Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani. Na hapo hapo jirani na Ngome yapo makaburi ya Mazrui, ambako mnamo Oktoba 2014 alizikwa Profesa Ali Al'amin Mazrui, baada ya kufariki dunia tarehe 12 ya mwezi huo huko Vestal, katika jimbo la New York.

Mengi yameandikwa kumhusu Profesa Mazrui, na aghalabu waandishi humtazama kama mtu wa ulimwengu mzima: mwanafunzi wa Oxford, profesa wa Michigan, sauti ya BBC, uso wa televisheni. Yote hayo ni kweli. Makala haya yanakusudia kumtazama kwa upande mwingine, yaani kama mtu aliyeanza kujifunza elimu ya kulinganisha taasisi za utawala kabla hajajua kuwa ipo elimu yenye jina hilo, na ambaye matunda ya elimu yake mwanafunzi wa Kibokoni hana budi kuyachuma kwa Kiingereza. Mimi ni mtu wa isimu wala si mtu wa siasa. Kwa hiyo wenye fani yao wataniwia radhi nikiyakodolea macho maneno zaidi kuliko hoja. Ninaamini hata hivyo kwamba katika jambo hili maneno na hoja ni vitu vilivyoshikana.

Na tuanze na baba. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Ukiitazama kazi hiyo kwa makini utaona ilikuwa ya ajabu kidogo. Kadhi alihukumu kwa sheria ya Kiislamu, lakini aliteuliwa na serikali ya kikoloni. Ardhi aliyokalia, yaani ukanda wa maili kumi wa mwambao, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1895 ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliisimamia kwa kumlipa Sultani huyo kodi ya kila mwaka. Bendera ya Sultani ilipepea juu ya Ngome, na ndani ya Ngome hiyo hiyo walifungwa watu waliohukumiwa kwa sheria za Kiingereza. Halafu, chini ya hayo yote, zilikuwapo mila za wenyeji ambazo hazikuandikwa popote, nazo ndizo zilizoamua nani aketi mbele katika arusi na nani asemee mtaa wake.

Ali alizaliwa tarehe 24 Februari 1933 katika nyumba ya mtu aliyesimama katikati ya tawala hizo zote. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne tu baba yake alipoaga dunia. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kitabu kumfundisha kwamba mamlaka yanaweza kuwa na tabaka mbili au tatu, na kwamba mtu mmoja anaweza kutii sheria tatu kwa siku moja bila ya kuona ajabu.

Tena Sheikh Al-Amin hakuwa kadhi tu, alikuwa mwandishi pia. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, maana yake marekebisho, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwauliza watu wa pwani maswali makali: kwa nini elimu imewapita, kwa nini biashara imewatoka mikononi, kwa nini mali inateketezwa katika sherehe. Alikuwa akilinganisha jamii na jamii, desturi na desturi, naye alifanya hivyo kwa Kiswahili, katika magazeti, mbele ya watu wote. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba uchambuzi wa mambo ya umma kwa Kiswahili ni mtoto wa baada ya uhuru. Historia ya ukoo wake wa Mazrui aliiandika kwa Kiarabu, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1995. Baba, basi, aliandika kwa Kiarabu na Kiswahili. Mwana akaja kuandika kwa Kiingereza. Profesa Mazrui alipokuja kuuambia ulimwengu kwamba Mwafrika ana urithi wa aina tatu, yaani wa asili yake, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, msikilizaji wa Chicago aliona ni nadharia. Msikilizaji wa Kibokoni alisikia habari za nyumba anayoijua.

Njia aliyopita hadi kufika huko haikunyoka. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge mwaka 1948 yalikuwa ya daraja la tatu, na Chuo cha Makerere hakikumkubali. Akafanya kazi ya ukarani na usimamizi wa wanafunzi katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu hapo Mombasa. Alichokuwa nacho ni ulimi. Alihutubia katika sherehe za Maulidi ambapo Gavana Philip Mitchell alikuwapo, gavana akapendezwa na kijana, na mlango ukaanza kufunguka. Mwaka 1955 akaenda Uingereza, akasoma kwanza Huddersfield, kisha akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1961, na ya uzamifu Oxford mwaka 1966. Wakati alipoipata hiyo ya mwisho alikwisha kuwa mwalimu Makerere, chuo kile kile kilichomkataa, na muda si muda akawa profesa, mkuu wa idara ya sayansi ya siasa na mkuu wa kitivo cha sayansi za jamii. Sitawachosha walimu wenzangu kwa kuwauliza ni akina Mazrui wangapi waliopotelea katika daraja la tatu kwa kukosa gavana wa kuwasikiliza.

Makerere ndiko alikofanya kazi ninayoiona kuwa bora kupita zote. Miaka kumi, kuanzia 1963 hadi 1973, aliishi Kampala wakati dola mpya za Afrika zikijaribu kila aina ya vazi la utawala, naye akaketi kama fundi cherehani mwenye kutazama mishono. Njia yake ilikuwa kuweka pamoja vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyefikiri kuviweka pamoja. Kwame Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966, wengi walijiuliza kama alikuwa mjamaa wa kweli au mwongo. Mazrui, katika jarida la Transition lililotolewa Kampala, aliandika kwamba Nkrumah alikuwa Lenin na mfalme wa Urusi katika mwili mmoja: mwanamapinduzi aliyeijenga jamhuri kwa matofali ya kifalme. Kutokana na hapo akachimba zaidi. Kwa nini viongozi waliowafukuza au kuwapuuza wafalme wa jadi walipenda kuitwa kwa majina makubwa, kujengewa majumba, kuchapishwa sura zao katika pesa? Jibu lake lilikuwa kwamba taasisi inaweza kufutwa katika katiba ikabaki katika mioyo ya watu, na kwamba jamhuri nyingi za Afrika zilikuwa na mwelekeo wa kifalme usiotajwa. Uganda ilimpa mfano mlangoni kwake: Milton Obote aliufuta ufalme wa Buganda na falme nyingine kwa katiba ya mwaka 1967, na Idi Amin, alipokamata nchi Januari 1971, akapata sifa kubwa mwaka huo huo kwa kuurudisha nyumbani mwili wa Kabaka Mutesa aliyefia uhamishoni.

Hakuwa kipenzi cha wote. Vijana wa mrengo wa kushoto walimwona mliberali aliyechelewa, na mjadala wake na Walter Rodney mwaka 1970 huko Makerere unakumbukwa hadi leo. Alipoandika mwaka 1967 juu ya mahaba ambayo wasomi wa Magharibi walikuwa nayo kwa Tanzania, wako waliokasirika, ingawa yeye mwenyewe alimstahi Mwalimu Nyerere. Na mimi nakiri kwamba mara nyingine namwona akishikwa na utamu wa maneno yake mwenyewe. Alipenda mno maneno mawili yenye herufi za kufanana yakikabiliana kama majogoo, hata mtu akashindwa kujua kama anasoma ugunduzi au anasikiliza kigezo cha mashairi. Hiyo ni mojawapo ya sababu za ugumu wa kumfasiri.

Amin hakuwa mtu wa kuishi naye msomi mwenye ulimi. Mazrui aliondoka Uganda mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1974 akawa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1975 alitoa kitabu chake juu ya askari na ukoo nchini Uganda, ambamo alionyesha kwamba jeshi, taasisi iliyosifiwa na wataalamu wa Magharibi kuwa ya kisasa kuliko zote katika nchi changa, lilikuwa limeota juu ya mizizi ya nasaba na kabila. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith ya BBC. Mwaka 1986 ulikuja mfululizo wa televisheni juu ya Waafrika na urithi wao wa aina tatu, ambao ulimkasirisha mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia gharama zake hata akataka jina la mfuko huo liondolewe. Halafu Binghamton, vitabu zaidi, na tangu mwaka 2003 heshima ya kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Haya yanapatikana kwa urahisi mahali pengi, kwa hiyo nayapita.

Sasa niingie katika lile linalonihusu. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wanipe mifano ya taasisi. Hutaja benki, hospitali, chuo, wizara. Sijapata kumsikia hata mmoja akitaja ndoa, au mirathi, au waqfu, au uchaguzi. Kwao taasisi ni nyumba yenye kibao mlangoni. Wala si kosa lao. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na huko maana yake ni kitendo cha kuweka msingi. Ndugu yake ni asasi. Sisi tuliliazima tukalivika majengo: Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 kilikuja kuitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kutoka hapo kila jengo la utafiti likataka kuitwa taasisi. Lakini mtaalamu wa siasa anapotamka neno hilo hakusudii jengo. Anakusudia kanuni iliyozoeleka hata watu wakaifuata bila ya kuamrishwa: nani anarithi, nani anachagua, nani anaweza kumkatalia mtawala. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba taasisi ni jengo hawezi kuielewa hoja ya Mazrui kwamba ufalme unaweza kuendelea kuishi baada ya ikulu ya mfalme kubomolewa. Atadhani ni mafumbo.

Tazama pia neno taifa. Leo lina maana moja tu katika vitabu vya shule: Kenya ni taifa, Tanzania ni taifa. Lakini Mombasa ya kale iliongozwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ndani ya mji mmoja. Yaligawika pande mbili. Upande mmoja ni Thelatha Taifa, nao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Upande wa pili ni Tisa Taifa, miongoni mwao Wamvita, Wajomvu, Wapate, Wafaza na Wakatwa. Kila upande ulikuwa na wakuu wake, wazee wake, na marafiki zake miongoni mwa Wamijikenda wa bara. Liwali wa Kimazrui aliyekaa Ngomeni hakuweza kutawala kwa mizinga peke yake. Ilimbidi awe na maelewano na pande zote mbili, na maelewano hayo yalipovunjika, pamoja na mafarakano ya ndani ya ukoo wenyewe, ndipo Sayyid Said alipopata njia ya kuutwaa mji mwaka 1837. Taifa hapo si nchi, wala si kabila kwa maana ya leo, wala si chama. Ni uanachama katika mji, wenye haki zake na wajibu wake. Mtaalamu wa taasisi linganishi angeweza kuliweka kando ya mitaa ya Venisi au vyama vya mafundi vya miji ya Ujerumani, akapata kitabu kizima.

Sasa fikiri yaliyotokea kati ya mwaka 1960 na 1963, wakati wapwani waliotaka Mwambao uwe na utawala wake walipokabiliana na wale waliotaka nchi moja kutoka Mombasa hadi Kisumu. Mwaka 1961 tume ya Sir James Robertson ilipendekeza mwambao uunganishwe na Kenya. Katika mikutano ya wakati ule neno taifa lilitamkwa kila siku, lakini mzee wa Mji wa Kale na mwanasiasa kutoka Nairobi hawakuwa wakisikia kitu kimoja. Mmoja alisikia mji na nasaba na mkataba. Mwingine alisikia bendera. Sisemi kwamba tofauti ya neno moja ndiyo iliyoleta mzozo, kwani palikuwa na ardhi, dini, na khofu za kweli. Nasema kwamba mzozo huo haujaandikwa kikamilifu na mtu aliyeyasikia masikio yote mawili, na mtu aliyekuwa na uwezo wa kufanya hivyo kupita wote alikuwa mwana wa Sheikh Al-Amin.

Neno jingine ni liwali. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mwakilishi wa mtawala katika jimbo. Kwa Kiingereza angeitwa gavana. Kwa hivyo wakati Gavana Mitchell alipomsikiliza kijana Ali akihutubia, Mombasa ilikuwa na maliwali wawili, mmoja wa Sultani na mmoja wa mfalme wa Uingereza, wenye cheo chenye maana ile ile kwa lugha mbili na nguvu zisizolingana hata kidogo. Baada ya uhuru liwali akaondoka, akaja mkuu wa mkoa, ambaye naye alitumwa kutoka juu. Kisha katiba ya mwaka 2010 ikaleta kaunti, na uchaguzi wa Machi 2013 ukaipa Mombasa gavana aliyechaguliwa kwa kura. Jina ni lile la mkoloni, lakini mizizi ya cheo imepinduliwa juu chini: sasa anatumwa kutoka chini. Je, wananchi walibadilika pamoja na cheo? Katika mazungumzo ya barazani bado nasikia watu wakisema gavana amepewa Mombasa, kana kwamba pana Sultani mahali fulani aliyempa. Hilo ndilo swali la Mazrui hasa, la taasisi inayokufa katika karatasi na kuishi katika ulimi, na ushahidi wake uko katika kitenzi kimoja cha Kiswahili.

Mtu ataniuliza: kama Profesa alitoka katika mambo hayo, kwa nini hakuyaandika kwa Kiswahili? Tusimtwike peke yake. Majarida ya fani yake yalikuwa ya Kiingereza, wanafunzi wake wa Makerere walitoka nchi mbalimbali, na baadaye mkate wake ulikuwa Marekani. Wala hakuwa mtu wa kulidharau suala la lugha. Mwaka 1975 alitoa kitabu kizima juu ya Kiingereza katika siasa za Afrika, akizungumzia Waafrika ambao Kiingereza kimekuwa lugha yao ya nyumbani. Mwaka 1995, pamoja na jamaa yake Alamin Mazrui, alitoa kitabu juu ya Kiswahili, dola na jamii. Humo walitofautisha lugha zinazommeza mwenye kuzisema, kama Kiarabu, ambacho mwenye kukifanya lugha yake huishia kuitwa Mwarabu, na lugha zinazompokea mtu bila ya kumbadili kabila, kama Kiswahili, ambacho Mkamba na Mluo na Mganda hukisema wakabaki kama walivyo. Hii ni tofauti yenye faida kubwa kwa mwalimu wa isimu. Nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Alamin, ikumbukwe, amewahi kutunga tamthilia na mashairi kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika ukoo mmoja tunaona Kiswahili kikipewa sanaa na Kiingereza kikipewa sayansi, mgao ambao vyuo vyetu vyote vimeukubali pasipo mtu kuusaini.

Hata Tanzania, iliyokifanya Kiswahili lugha ya serikali mwaka 1967, imeendelea kufundisha siasa chuoni kwa Kiingereza. Wenzangu wa idara nyingine huniambia sababu ni uhaba wa istilahi. Mimi siridhiki. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare, na Julius Caesar wake wa mwaka 1963 ni tamthilia ya siasa tupu: njama, hotuba, umati, mauaji ya mtawala. Hakungoja kamusi. Huko Nairobi mwaka 1974 Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge wengi walihangaika. Lakini leo maneno kama hoja, mswada, spika na kura ya kutokuwa na imani hayamshangazi mtoto wa shule. Mswada, kwa njia, lilikuwa ni andiko la kwanza lisilosafishwa la mshairi au mwanachuoni. Bunge lilipolihitaji likalichukua, na mshairi hakudai fidia. Neno huja pale linapotumiwa. Lisipotumiwa litabaki katika orodha za kamati.

Na gharama ya kutotumia ipo, tena si ya wasomi peke yao. Mwaka 2010 nchi nzima ya Kenya ilibishana juu ya mahakama za kadhi. Mwezi Mei mahakama moja ya Nairobi ilitoa hukumu dhidi ya kuwekwa kwake katika katiba. Mwezi Agosti wananchi wakapiga kura na mahakama hizo zikabaki, katika vifungu vya 169 na 170, kwa mambo ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Katika ubishani ule nilisikia wengi wakisema kwamba ni upendeleo mpya kwa dini moja. Wachache walieleza kwamba ilikuwa sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963, Sultani alipouachia ukanda wa pwani. Wachache zaidi walilinganisha na majirani. Tanzania Bara mahakama hizo zilifutwa katika mageuzi ya baada ya uhuru, na kuanzia mwaka 2005 hoja ya kuzirudisha ikawa mjadala mkubwa. Zanzibar zimeendelea. Uganda iliziandika katika katiba ya mwaka 1995 ikaliachia Bunge kazi ya kuzianzisha. Cheo kimoja, nchi tatu, na matokeo hayafanani. Hiyo ndiyo sayansi ya taasisi linganishi ikiwa uchi mbele yetu. Mwananchi wa kawaida aliyetakiwa kupiga kura hakuipata kwa lugha anayoielewa, na badala yake alipata uvumi, ambao siku zote huwa na istilahi za kutosha.

Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wangu wa tafsiri wajaribu Mazrui, japo kwa kurasa kumi kumi. Jaribio la kwanza hukwama katika jalada. Kitabu chake cha mwaka 1967, kilichotokana na utafiti wake wa Oxford, kina katika jina lake maneno mawili ya Kilatini, Pax Africana, yaliyochongwa kwa mfano wa amani ya Warumi na ile ya Waingereza. Hoja ya kitabu ni kwamba Waafrika ndio wanaopaswa kuilinda amani ya bara lao, hata kwa silaha, bila ya kuwaita wageni. Ukisema Amani ya Afrika, msomaji anaona njiwa. Amani ya Kirumi haikuwa na njiwa. Ilikuwa na askari. Mwanafunzi mmoja alipendekeza Afrika Kujilinda, lakini hapo amani imetoweka. Mwingine alisema Ulinzi wa Amani kwa Mikono ya Waafrika, jina refu kama treni ya Voi.

Kwa upande wangu nimeanza kuelekea tena neno amani lenyewe, kwa sababu katika asili yake ya Kiarabu si utulivu tu. Ni dhamana ya usalama ambayo mwenye nguvu humpa mgeni au adui aliyeshindwa, na hata katika Kiswahili cha kale cha pwani mtu huomba amani akapewa, au akanyimwa. Ikiwa maana hiyo ingali hai masikioni mwa wasomaji, hasa wa Mji wa Kale na visiwani, basi jina limepatikana, na mfasiri hana haja ya kuongeza neno. Ikiwa imekufa, itabidi tutafute. Wenye rai na wamwandikie mhariri, na wataje wametoka sehemu gani, maana katika suala hili mtaa wa msemaji una uzito.